Uzi: Mbwa wa miezi mitano anatafuna kila kitu. Nimpe nini kisichomvunja meno wala kumziba utumbo?

#1 MleziKiamunyi
Habari wadau. Niko Kiamunyi, Nakuru. Nina dume la German Shepherd la miezi mitano, jina lake Simba. Amemaliza patipati za nyumba nzima, amekula kona ya mlango wa jikoni, na sasa yuko kwenye mpira wa kumwagilia sukuma. Supermaketi nilipata mfupa wa plastiki wenye kifilimbi ndani. Kufika jioni ulikuwa vipande, na kile kifilimbi nilikitoa mdomoni mwake kwa kidole.

Muuza nyama wangu anasema nimpe mfupa wa paja, mambo yaishe. Jirani ameniletea kwato kavu ya ng'ombe. Kwenye duka la dawa za mifugo wameniuzia kile kifundo cheupe cha ngozi. Kila mtu ana lake. Naomba kujua ni kipi naweza kumwachia nikaenda kazini bila kukaa roho mkononi.

#2 Kibuye_Jumapili
Omera, mfupa. Huku Kisumu hata hatuulizani. Mbwa wangu amekula mifupa tangu aachishwe kunyonya na meno yake ni meupe pe. Mungu alimpa meno 42 avunje mifupa, si avunje plastiki ya supermaketi. Chemsha supu, kula nyama, mfupa ni wake.

#3 DaktariWaZizi
@Kibuye_Jumapili hapo nakupinga mara mbili.

Meno 42 ni ya mbwa mzima. Mtoto ana 28. Yanaanza kutoka akiwa na wiki tatu hivi, na kuanzia karibu miezi minne yanaanza kung'oka kupisha ya ukubwani, kazi inayoisha kwenye miezi sita au saba. Simba yuko katikati ya zamu hiyo. Fizi zinamwasha usiku na mchana, ndiyo maana hata mpira wa maji hauponi.

La pili, mfupa uliochemshwa ndio wa kuogopa zaidi. Moto unaukausha, na ukivunjika unatoa ncha zinazoweza kuchoma koo, tumbo au utumbo. Ule mbichi wa paja nao una shida yake: ni mgumu kuliko jino. Linaloumia sana ni gego la juu, lile kubwa la pembeni ambalo mbwa hulitumia kukatia. Linabanduka ubamba upande wa nje, wakati mwingine hadi kwenye kiini, na mwenye mbwa hana habari mpaka siku anaona uvimbe chini ya jicho.

Kipimo rahisi: kibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha usipoacha alama, ni kigumu mno. Kwato haipiti. Pembe haipiti. Mfupa wa paja haupiti.

#4 Kibuye_Jumapili
Daktari, na wale fisi wa Ziwa Nakuru nani huwapimia kwa ukucha?

#5 DaktariWaZizi
Fisi ana magego mazito na taya zilizoumbwa kwa kupasua mifupa. Mbwa hakupewa hayo. Na hata wanyama wa porini huvunjika meno, sema tu hawana wa kuwapeleka kwa daktari.

#6 MamaTumaini_Lugari
Mulembe wote. Mnabishana mifupa na hakuna aliyetaja gunzi! Wakati wa mahindi mabichi, watoto wanachoma, wanakula, wanatupa gunzi uani, na mbwa analiokota kwa kuwa lina chumvi na moshi. Kila mtu hapa Lugari huona ni kitu cha kumchezesha mbwa.

Mbwa wa shemeji yangu, jike dogo la kienyeji, alikata gunzi vipande na kumeza. Alitapika siku ya kwanza, wakasema ni minyoo. Akatapika tena maji ya manjano, akawa hanyi, akikaa amekunja mgongo. Kufunguliwa kwake nilikuwepo. Kipande kilichotoka kina urefu wa kidole gumba, na vile vishimo vya punje bado vinaonekana kabisa, tumbo halikuwa limekigusa. Utumbo mahali pale ulikuwa umekuwa wa zambarau. Alipona, lakini daktari alisema wangechelewa kidogo wangemzika.

MleziKiamunyi, chochote utakachochagua, gunzi lisiwe mojawapo. Na kokwa la embe na la avokado vilevile.

#7 DaktariWaZizi
@MamaTumaini_Lugari asante sana, ungenikumbusha mapema. Gunzi haliyeyuki tumboni na haliteremki vizuri. Nyongeza moja: kwenye eksirei mfupa na chuma huonekana waziwazi, lakini gunzi, kitambaa na baadhi ya mipira vinaweza visionekane. Kwa hiyo mwambie daktari wako kitu kilichopotea nyumbani. "Kuna soksi haionekani" ni habari inayookoa mbwa.

#8 IngweDamu
Kuhusu soksi, mbwa wangu wa Kakamega anaitwa Ingwe, kama timu yangu AFC Leopards, na hutafuna za kijani na nyeupe pekee, rangi za wapinzani wetu Gor Mahia. Mashabiki wa Gor wafunge kabati.

#9 Kibuye_Jumapili
@IngweDamu huyo anatafuta ladha ya ushindi, kwenu hajaionja 😂

#10 MvuviDunga
Amosi. Mimi niko ufuoni Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Mbwa wetu hapa wanakula mifupa ya samaki wa mbuta kila siku, ile mgongo wazi inayobaki minofu ikishakatwa, na hawafi. Ila sishauri mtu wa Nakuru aige, kwa sababu nimeona miiba ikikwama kwenye paa la mdomo, mbwa anajikuna uso kwa miguu mpaka anatoa damu.

Wazo langu ni hili: huku akina mama husuka magugu maji wakatengeneza vikapu, viti, hata viatu. Kwa nini tusisuke kamba nene ya magugu maji ikawa kichezeo cha mbwa? Magugu yamejaa ziwani, na mtu angepata kazi.

#11 NjoroMkulima
@MvuviDunga wazo ni zuri kwa vikapu, kwa mdomo wa mnyama naliogopa. Magugu maji hufyonza uchafu wa majini, hata madini mazito. Halafu vile vitu vya kuuza hupakwa vanishi. Mbwa habebi, anameza.

#12 MvuviDunga
Tunaweza kusuka bila vanishi. Kuhusu madini, siyo ghuba yote ina viwanda. Lakini nimekusikia.

#13 DaktariWaZizi
Kamba yoyote, ya magugu, katani au pamba, tatizo lake ni nyuzi. Uzi mrefu ukishika chini ya ulimi au mlangoni mwa tumbo huku upande wa pili ukivutwa na utumbo, utumbo unajikunja na unaweza kukatika. Kamba ni ya kuvutana na mbwa ukiwa hapo, ukimaliza unaiweka juu. Na ukiona uzi unaning'inia nyuma yake, usiuvute kamwe. Mpeleke.

#14 FundiRaba
Salaam. Mimi hushona akala, vile viatu vya tairi, hapa Nakuru. Mnahangaika bure. Leteni mbwa, nimkatie kipande cha tairi, kinene, hakitaisha mpaka azeeke. Mpira ni mpira.

#15 NjoroMkulima
Fundi, tairi la gari lina nyaya za chuma ndani. Wewe mwenyewe kisu chako kinalijua hilo. Mbwa akifika kwenye waya ndio unamchoma ufizi na tumbo.

#16 FundiRaba
Nakata ubavu, si kanyagio, ile sehemu inayogusa barabara. Kwenye ubavu wa tairi nyingi unakuta nyuzi, chuma kipo kwenye ukingo unaoshika rimu na chini ya kanyagio. Lakini sawa, hata nyuzi daktari amezikataa hapo #13. Tuachane na tairi.

Sasa sikilizeni hii. Kile kichezeo cha Kong ambacho matajiri wa Milimani wanaagiza, unajua kilianzaje? Mmarekani mmoja wa Colorado, Joe Markham, miaka ya 1970, alikuwa na German Shepherd aliyeitwa Fritz aliyekuwa akitafuna mawe mpaka meno yanaisha. Siku moja Markham anatengeneza gari lake la Volkswagen, anamrushia mbwa vipuri amsahaulishe mawe, na mbwa akapenda kile cha mpira cha sehemu ya chini ya gari. Ndipo Markham akatafuta namna ya kukitengeneza cha mbwa. Kwa hiyo bushi, ile mipira ya chini ya gari! Mtaa mzima wa mafundi umejaa bushi kuukuu.

#17 MleziKiamunyi
@FundiRaba hii historia imenifurahisha sana. Simba na Fritz ni ukoo mmoja. Bushi unaweza kunipatia?

#18 NjoroMkulima
Subiri kwanza. Markham hakuuza bushi, alitafuta mpira unaofaa mdomo. Bushi nyingi zina bomba la chuma katikati lililogandishwa na mpira. Na ile kuukuu imekunywa grisi na oili miaka yote. Uikoshe vipi?

#19 FundiRaba
Chuma natoa kwa presi. Harufu ya oili hiyo ni kweli haitoki. Basi nitafute mpira mpya wa shiti, nimjaribie. Ubonyezwe kwa ukucha kama daktari alivyosema.

#20 DaktariWaZizi
@FundiRaba ukitengeneza, nakuomba mambo haya. Usiwe na tundu moja tu: mbwa akiingiza ulimi hewa inanyonya, ulimi unavimba na hautoki. Toboa pande zote mbili. Ukubwa uwe hauwezi kupita nyuma ya magego. Mpira mdogo kwa German Shepherd huziba koo na anakufa mbele yako. Usiupake rangi. Na mwenye mbwa aukague kila siku, ukianza kutoa vipande unatupwa.

#21 MamaLanet
Hamjambo. Nina kesi inayonitatiza. Mbwa wangu hajawahi kupewa mfupa. Nilisoma mambo haya kabla sijamchukua, nikawa nampa mpira laini na karoti tu. Mwaka jana gego la juu likavunjika vilevile, na meno yake yote yana mabaka ya kahawia. Naona ni maji. Tunatumia kisima cha kuchimbwa, na kila mtu anajua maji ya Nakuru yana floraidi. Watoto wa hapa meno yana rangi hiyo hiyo.

#22 NjoroMkulima
Nakuunga mkono. Bonde la Ufa lote lina miamba ya volkano na visima vingi vimepita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kuwa kikomo. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianzisha vichujio vya makaa ya mifupa kwa sababu hiyo. Mifupa ya ng'ombe inachomwa, maji yanapita humo, floraidi inashikwa na mfupa.

#23 Kibuye_Jumapili
Kumbe mifupa ina kazi Nakuru! Nilisema nini #2?

#24 NjoroMkulima
Ina kazi kwenye pipa la maji, ndugu yangu, si kwenye meno ya Simba 😄

#25 DaktariWaZizi
Dada MamaLanet, pole. Maji yawezekana, siyakatai. Lakini kuna mengine mawili ningeuliza kabla. Alipokuwa mdogo aliugua distempa? Homa, makamasi, kikohozi, kuhara? Kirusi hicho kikimpata mtoto kabla meno ya ukubwani hayajatoka, hushambulia seli zinazotengeneza lile gamba gumu la nje. Jino linatoka na mashimo na mabaka. Au alidungwa OTC, ile dawa ya bakteria ya jamii ya tetrasaikilini, akiwa mdogo? Tetrasaikilini hushikana na jino linalojengeka na kuliacha la manjano au kahawia.

#26 MamaLanet
Distempa hapana, chanjo alipata zote. OTC sijui. Aliponunuliwa alikuwa amekohoa, mwenye mama yake alisema "alidungwa kitu". Mbwa wa jirani anayekunywa kisima hicho hicho ana mabaka pia, ndiyo maana mimi narudi kwa maji.

#27 DaktariWaZizi
Huyo wa jirani alitoka kwa mama mmoja na wako?

#28 MamaLanet
Ndugu wa tumbo moja. Naona unakokwenda. Lakini hata wanangu wana mabaka, na wao hawakutoka kwa mbwa huyo 😀

#29 AskariWaBungoma
Mnasahau mnyororo. Mimi nafuga mbwa wa ulinzi. Mbwa anayefungiwa mchana kutwa huuma waya wa kibanda, huuma mnyororo, huuma sahani ya chuma. Angalieni nyuma ya chonge zake, mtaona zimelika upande huo. Mtu anampa mpira laini asubuhi, akishaondoka mbwa anatafuna chuma kwa muda wa saa kumi nzima. MamaLanet, wako hulala wapi mchana?

#30 MamaLanet
Kibandani, lango la waya. Nitaangalia chonge.

#31 AskariWaBungoma
Na hili ndilo jibu langu kwa mwenye uzi. Mnatafuta kitu cha kutafuna, lakini mbwa huyo anachotafuta ni kazi. German Shepherd ni mbwa wa kuchunga. Mtembeze alfajiri mpaka achoke, mfundishe kukaa na kungoja, mfiche chakula uani akitafute kwa pua. Mlango wako utapona. Mimi nikiona mbwa amefungwa tangu alfajiri hadi usiku, halafu mwenyewe analalamika kuhusu viatu, naumia sana.

#32 MleziKiamunyi
Simba hafungwi, uwanja una ua. Namtembeza jioni. Nitaongeza asubuhi, asante mzee.

#33 MamaTumaini_Lugari
Matembezi ni mazuri, lakini mtoto anayeota meno hata ukimtembeza mpaka Webuye atarudi atafune. Kwetu tunampa kitambaa kizito cha taulo, kilicholowa, kimefungwa fundo, kimekaa kwenye friza. Baridi inapoza fizi. Unakaa naye, kikianza kutoa nyuzi unakichukua.

#34 MtotoWaMolo
Karoti jamani. Tuko na karoti Molo mpaka zingine zinaachwa shambani. Chukua ile kubwa yenye sura mbaya ambayo soko linakataa, osha, igandishe nzima. Mbwa mdogo mkatie kwa urefu, si mviringo, vile vidonge vya mviringo vinaziba koo. Ameze kiasi, haimdhuru.

#35 Kibuye_Jumapili
Mbwa wangu mla mifupa utampa karoti? Atanishtaki.

#36 NyarKabondo
Basi mpe kiazi kitamu. Kabondo tuna viazi tele. Nakata vipande vinene kwa urefu, nachemsha kidogo, nakausha kwenye jiko la oveni moto mdogo saa nyingi mpaka vinakuwa na ugumu wa ngozi ya kiatu. Vinavutika, ukucha unaacha alama. Mbwa wa mamangu mzee wa zaidi ya miaka kumi anavitafuna kwa magego yaliyobaki.

Na kwa wenye ule mpira wa tundu: jaza uji mzito wa ulezi na njugu zilizosagwa, gandisha usiku. Njugu zisagwe za soko tupu. Zile za kopo soma kibandiko, zikiwa na zailitoli, kile kitamu cha badala ya sukari, usizikaribishe kwa mbwa, kidogo tu kinaweza kumshusha sukari na kumuua. Makadamia nazo ni sumu kwake.

#37 MleziKiamunyi
@NyarKabondo nyamin, hiyo ya ulezi nitaanza nayo leo. Na kile kifundo cheupe cha ngozi nimeshakinunua, nikifanyeje?

#38 DaktariWaZizi
Mimi nakikataa kwa Simba. Ngozi ile hulainika mdomoni ikawa utepe unaoteleza, anameza pande kubwa, nayo hufura tumboni. Wapo madaktari wenzangu wanaoiruhusu kwa mbwa anayetafuna polepole na anayeangaliwa. Simba aliyemaliza plastiki kwa siku moja si huyo.

#39 FundiRaba
Na msije kwangu kuomba mabaki ya ngozi ya viatu. Ile ya kiwandani imetiwa dawa za kromu, ikitoka pipani ina rangi ya buluu. Si ya kula.

#40 IngweDamu
Na muwa? Huku Mumias mbwa wote hutafuna muwa.

#41 MamaTumaini_Lugari
Mtu hutema makapi, mbwa humeza. Kwangu hapana.

#42 IngweDamu
Wangu hutema. Nimemwangalia.

#43 AskariWaBungoma
@IngweDamu siku asipotema utakuwa hujui.

#44 TaptengeleiVet
Nimechelewa kuingia. Jambo moja kuhusu machinjioni. Wengi wanaosema "mfupa mbichi" wakifika pale hupewa na mapafu na maini yaliyokataliwa. Hayo yenye malengelenge ya maji ndiyo yanayompa mbwa tegu mdogo sana, na mayai yake yakimwingia mtu yanajenga uvimbe kwenye ini au mapafu. Turkana tatizo hilo limekuwa kubwa miaka mingi, na Amref walifanya kazi huko kwa muda mrefu kulipunguza. Mifugo husafiri hadi kwetu. Asipewe mabaki hayo mabichi, na dawa ya minyoo apewe ile yenye prazikwanteli, si yoyote tu.

#45 Kibuye_Jumapili
Haya, mmenitoa kwenye paja, mmenitoa kwenye mgongo wazi, mmenitoa kwenye supu. Muuza nyama wangu ana koromeo la ng'ombe, lile bomba la pumzi. Ni laini, ukucha unaingia. Daktari, hapo utasemaje?

#46 DaktariWaZizi
Hapo umenikaribia! Koromeo lililokaushwa vizuri ni afadhali mara nyingi kuliko paja. Ila mwambie muuza nyama aondoe tezi iliyo shingoni, ile ya thairoidi. Mbwa akiila mara kwa mara homoni zake zinapanda, anakonda, anakunywa maji ovyo, moyo unakimbia.

#47 Kibuye_Jumapili
Inakaa wapi hasa, nimwonyeshe?

#48 TaptengeleiVet
Chini kidogo ya kikoromeo, pande mbili za bomba, vipande viwili vya rangi nyekundu iliyokolea vilivyoshikamana nalo. Kwa usalama akate sehemu yote ya juu, akupe ile ya chini inayoelekea kifuani.

#49 MamaLanet
Nimemfungua mdomo. Chonge za juu zimelika kwa nyuma, zote mbili. Lakini mabaka hayo waya hauwezi kuyaleta, kwa hiyo kwa maji bado sijatoka. Nani amewahi kupima maji ya kisima Lanet, na alipeleka wapi?

#50 NjoroMkulima
Kwanza chukua chupa safi, isuuze kwa maji ya kisima hicho hicho, umwage, ndipo uchukue ya kupima. Nitakuelekeza kwa ujumbe. Na wa jirani afungue mdomo wa mbwa wake pia, tuone kama chonge zake zimelika au ni mabaka peke yake.